Hesabu pombe yako: niliyowaambia watu wa stegi ya boda Malaba kabla ya Krismasi

Wengi mliniomba niandike yale niliyosema ile Jumapili pale stegi, kijiwe cha boda hapa Malaba mpakani mwa Uganda na Kenya, sababu wengine mlikuwa safarini na wengine mlikaa nyuma hamkusikia vizuri kwa kelele za malori. Nimeandika vile vile nilivyoongea, nimepanga tu kidogo ile sehemu ya mahesabu ambayo siku ile nilikuwa nachora chini kwa kijiti.

Mwenyekiti wa stegi, mzee wetu wa LC1 (baraza la kijiji), sheikh na pasta mliokubali kukaa benchi moja, madreva wa malori na mataniboi wasaidizi wao mnaongoja makaratasi yenu ya mpakani, wamama mnaopika malwa, ile pombe yetu ya ulezi, na nyinyi vijana wa boda ambao ndio mmeniita, habari za mchana. Mnanijua, mimi ni nesi mstaafu, wengi wenu mnaniita Sista, na baadhi yenu hapa niliwashika mkiwa mna dakika mbili tu duniani, kwa hiyo leo mtaniruhusu niongee kama mama.

Sijakuja kuwaambia muache pombe. Ambaye dini yake inamkataza au ameamua tu hanywi, namheshimu sana na baadaye nitamuomba kitu. Lakini wengine hapa najua tarehe 24 jioni watakunywa, hata nikiongea mpaka jua lizame watakunywa, na mimi nataka tarehe 26 niwaone nyote hapa hapa mkiwa wazima. Ukiniuliza kama nesi, Sista ni kiasi gani ambacho hakina madhara hata kidogo, nitakwambia ukweli kwamba hakuna. Shirika la Afya Duniani lilitamka hivyo wazi Januari 2023, na tangu 1988 wataalamu wa kansa waliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyoleta kansa, kundi lile lile la sigara, kansa ya koo, ya ini, ya utumbo, ya titi kwa wamama. Hiyo ndio kweli na sitaificha ili mnipende. Alafu kuna kweli ya pili, kwamba madhara yanapanda na kiasi, anayekunywa kidogo hayuko hatari sawa na anayekunywa nyingi, na anayekunywa nyingi usiku mmoja alafu akapanda pikipiki huyo hahitaji kungoja kansa.

Sasa shida yetu iko wapi. Kwa miaka yote niliyofanya kazi wodini, nikimuuliza mgonjwa umekunywa kiasi gani, jibu lilikuwa moja tu, "Sista, kidogo tu." Na hakuwa anadanganya! Alikuwa hajui. Mtu wa boda anajua mafuta yaliyobaki kwenye tanki bila hata kufungua kifuniko, anajua deni la kila abiria, anajua silingi ngapi amebakisha kumaliza loni ya pikipiki, lakini pombe aliyoingiza kwenye damu yake hajui. Basi leo nataka tujifunze kuhesabu.

Chukua chupa ya bia ya kawaida, ile kubwa ya mililita 500. Angalia kwenye lebo, kuna asilimia pale, watu hawaisomi. Kama ni asilimia 5, maana yake ndani kuna mililita 25 za pombe yenyewe, hiyo ingine ni maji na vitu vingine, na ukiipima kwa uzito ni kama gramu 20. Watu wa afya wanahesabu gramu 10 kuwa kinywaji kimoja. Kwa hiyo chupa yako moja ni vinywaji viwili tayari. Nile Special iko juu kidogo, asilimia 5.6, basi hiyo ni gramu 22. Sasa chukua ile chupa ndogo ya waragi, pombe yetu kali, ya mililita 200, ile inayoingia mfukoni wa jaketi. Waragi ya dukani ni asilimia 40. Mililita 80 za pombe. Gramu 63! Yaani kijana ameweka mfukoni bia tatu na zaidi, na ile ndogo anaimaliza kabla mchezo wa mpira haujafika hafu taimu, alafu ndipo anaagiza bia anasema naanza. Huyo hajaanza, huyo amefika mbali.

Na hiyo ndio pombe ambayo angalau ina lebo. Enguli, ile waragi ya kupikwa kijijini, haina asilimia yoyote imeandikwa, leo imetoka kali, kesho imetoka hafifu, mpishi mwenyewe hajui, na kuna sheria ya leseni ya enguli tangu miaka ya sitini lakini mnajua wenyewe inafuatwa vipi huku kwetu. Mtu anapimiwa kwenye tumpeko, kile kikombe kikubwa, kama anapimiwa maziwa. Nawasihi, pombe kali isipimwe kwa kikombe cha chai. Chukua glasi ndogo, ongeza maji au soda, ikae mbele yako muda mrefu.

Uingereza, madaktari wao wakubwa waliandika mwaka 2016 kwamba mtu asipite yuniti 14 kwa wiki, mwanaume na mwanamke sawa, na yuniti yao ni gramu 8. Piga hesabu: gramu 112. Hiyo kwa bia zetu ni tano na nusu, kwa WIKI nzima, na wakasema kabisa usizirundike siku moja, uzisambaze siku tatu au zaidi. Niliposema hivi pale stegi mliguna wote, nilisikia, na mmoja akasema Sista hizo ni za kufungulia tu mdomo. Ndio maana nimesema tuhesabu. Simlazimishi mtu leo, lakini ujue kipimo kiko wapi na wewe uko wapi, umepita mara mbili au mara sita.

Sasa ini. Ini ni kama askari mmoja wa forodha pale mpakani, ana dirisha moja, anapitisha lori moja baada ya lori, hata mpige honi namna gani. Kwa saa moja ini linachoma kama gramu 7 mpaka 10 hivi, basi. Kahawa haiongezi. Maji baridi kichwani hayaongezi, mayai mabichi hayaongezi, ndimu haiongezi, kutapika baada ya masaa hakuongezi chochote sababu ile iliyo kwenye damu imeshaingia. Ukinywa kahawa unakuwa mlevi aliye macho, na hiyo enaji drinki mnayochanganya na waragi ni hivyo hivyo, inakuficha ulevi wako usiuone, unadhani uko sawa, unaongeza. Kinachosaidia ni masaa peke yake.

Hesabu hii naomba kila mtu wa boda aende nayo nyumbani. Umeanza saa mbili usiku, umekunywa bia tano, ukaacha saa sita ukalala. Gramu 100. Ini likifanya kazi vizuri sana linahitaji masaa 10, likienda polepole masaa 14. Yaani pombe inaisha mwilini saa kumi na mbili asubuhi ukiwa na bahati, la sivyo saa nne. Lakini saa kumi na moja alfajiri abiria wa kwenda Tororo kukamata basi amekupigia simu, umeamka, umenawa uso, umevaa helmeti (natumaini), na unajiona uko safi kwa vile umelala. Sheria ya Uganda inasema kipimo kisipite miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Mtu wa kilo 65 aliyekunywa hizo bia tano, ile saa kumi na moja anaweza kuwa bado amepita hapo. Kawunyemu, ile oparesheni ya polisi ya kupima walevi, ikimkuta njiani atapuliza na itamkamata, na atalia ameonewa, "afande mimi nimekunywa jana!" Afande hajamuonea. Jana yake bado iko kwenye damu.

Na kawunyemu sio ndio adui, niseme hilo pia, maana mnapigiana simu mkisema wako kona gani. Mimi nimeshona vichwa vya vijana wa boda mpaka vidole vikafa ganzi, nimewaona wanaoletwa kwenye mgongo wa boda ingine mguu unaning'inia, na abiria wake, mama wa watu aliyekuwa anarudi sokoni, yuko mochwari. Yule mama hakunywa kitu. Sijawahi kuzoea hiyo.

Nije kwenye malwa, sababu wamama wangu hapa wameanza kunitazama. Malwa ni ya kwetu, ajon ya Wateso imekuwepo kabla ya mpaka huu haujachorwa, watu wanakaa duara, kila mtu na mrija wake mrefu, chungu katikati, maji moto yanaongezwa, mambo ya kijiji yanaamuliwa pale, mahari yanaongelewa pale, mtu aliyefiwa anafarijiwa pale. Sitasema neno baya juu ya hicho kikao. Lakini chungu hakina mililita. Huwezi kuhesabu mrija. Mwenzako akivuta sana na wewe unavuta usije ukapunjwa, na saa sita zimepita. Mimi ninachoshauri ni hiki: usihesabu mivuto, hesabu saa na hesabu maji. Njoo umekula, kula kweli, posho (ugali) na maharage au chapati na mayai, tumbo likiwa na chakula pombe inaingia kwenye damu taratibu. Panga saa ya kuondoka kabla hujakaa na umwambie mtu. Yale maji moto yakiongezwa mara ya tatu simama, tembea, kanywe maji ya kawaida, toa mrija wako nje ya chungu usikae nao mdomoni kama mtoto na chuchu. Na wamama, ninaomba kwa heshima, yule anayeongeza waragi ndani ya chungu ili watu walewe haraka, mwambieni aache. Mtu amekuja kunywa malwa, ana hesabu ya malwa kichwani. Umemwekea kitu ambacho hakukijua.

Kingine, vibanda vingine vya malwa havina dirisha. Mtu anakohoa mle ndani kutoka saa nane mpaka usiku, na nyote mnavuta hewa moja. Kifua kikuu kinapenda mahali kama hapo kuliko mahali popote. Fungueni ukuta hata upande mmoja, kaeni chini ya mwembe. Anayekohoa wiki mbili aje apimwe, ni bure.

Sasa nataka niongee juu ya pombe yenye sumu, na hapa naomba mnyamaze kidogo.

Aprili 2010, kule Kabale, watu zaidi ya 80 walikufa kwa waragi iliyochanganywa na methanoli. Watu zaidi ya 80 katika wiki chache. Agosti 2022, Arua, watu zaidi ya 10 tena, pombe ya chupa, yenye lebo. Na hapo ng'ambo tu Kenya, Mei 2014, kaunti kadhaa, Embu ikiwemo, watu wengi walikufa na wengine wakabaki vipofu. Methanoli ni pombe ya viwandani, inafanana na pombe ya kunywa kama pacha, rangi hakuna, harufu karibu ile ile, ladha ile ile. Wanaosema choma uone moto ni wa bluu au sio, hicho kipimo hakitoshi, usiweke macho yako juu ya kipimo cha kiberiti. Ini linapoichoma linaigeuza kuwa asidi, ile asidi ambayo hata siafu wanayo, na asidi hiyo inakwenda kushika mshipa wa jicho.

Ujanja wake ni kwamba inachelewa. Usiku umelewa kawaida, asubuhi umeamka na hangova kama zingine, kumbe ndio inaanza, saa 12 mpaka 24 baada ya kunywa, na ukiwa ulichanganya na bia inachelewa zaidi. Tumbo linauma, unatapika, unahema haraka haraka, alafu macho yanaona ukungu, mwingine anasema naona nyeupe tupu kama ameingia kwenye wingu. Mtu wako akikwambia hivyo baada ya kunywa, usimwambie alale. Usimpe maziwa. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie neno lenyewe, alikunywa pombe na sasa haoni vizuri, beba na chupa kama ipo. Hospitalini kuna dawa ya kuzuia ini lisiigeuze ile sumu, na kama hali ni mbaya wanasafisha damu kwa mashine, na kila saa mnayopoteza ni jicho mnapoteza. Alafu rudi haraka kwa wote mliokunywa nao, mmoja mmoja, hata yule anayesema yuko sawa.

Kwa hiyo nunua ya kwenye chupa iliyofungwa, mahali unapopajua, muhuri haujafunguliwa, na bei ikiwa ya chini kupita kiasi jiulize nani amelipia hiyo tofauti. Vile vifuko vya plastiki serikali ilivipiga marufuku 2019, pombe kali isiuzwe chini ya mililita 200, Tanzania walitutangulia 2017. Ukiona mtu bado anauza kwa kifuko, hicho kimepita njia za panya. Sisi watu wa mpakani tunazijua njia za panya vizuri sana, na tunajua hakuna anayepima kitu njiani humo. Huyu Sarah Opendi, alipokuwa mbunge mwanamke wa hapa hapa Tororo, alipeleka mswada bungeni 2023 wa kudhibiti pombe mpaka masaa ya kuiuza, na watu walibishana sana juu yake, biashara na ajira na nini. Mimi nilikuwa upande wake na bado niko. Lakini Krismasi haingoji bunge.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu.

Nilikuwa na shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu. Kijana mzuri, fundi wa matairi, mcheshi. Ilikuwa sherehe ya kipaimara nyumbani kwetu, watu wengi, waragi ikawepo, wakawekeana mashindano ya kumaliza chupa bila kupumua. Alishinda. Baada ya kama nusu saa akalegea wakambeba wakamlaza chumbani chali juu ya mkeka, wakaniita, Sista njoo umuone. Nilikuja. Nilisimama mlangoni, nikamuona anakoroma, nikasema mwacheni alale, itaisha. Mimi, nesi! Nilikuwa nimechoka, nilikuwa napakua chakula cha watu mia moja, na nilikuwa nimewaona walevi wengi sana kazini, nikamuona kama mlevi mwingine. Saa tisa usiku mama yake aliingia akamkuta baridi. Alitapika akiwa amelala chali, matapishi yakaingia kwenye mapafu, hakuwa na nguvu ya kukohoa. Kulikuwa na watu chumba cha pili wanacheza muziki.

Nimeishi na hilo neno, itaisha, miaka mingi. Kwa hiyo leo nataka kila mtu hapa ajue nilichopaswa kufanya, na pale stegi tuliigiza na taniboi mmoja alikubali kulala chini. Mtu amelewa amezima. Kwanza mwite kwa jina, mtikise bega, mfinye. Akijibu, hata kwa matusi, afadhali. Asipojibu, angalia kifua, hesabu anapumua mara ngapi kwa dakika moja, tumia simu yako kuangalia saa. Chini ya mara 8, au anakaa sekunde 10 bila kupumua, hiyo ni hospitali sasa hivi. Gusa ngozi, kama ni ya baridi na ina unyevu, fungua mdomo uangalie fizi na ndani ya mdomo, angalia kucha, zikiwa zimebadilika kuwa bluu au kijivu, hospitali. Amepata degedege, hospitali. Ameanguka akagonga kichwa, hospitali hata kama anaongea, sababu huwezi kujua ni pombe au ni damu kwenye ubongo.

Na mkiwa mnangoja gari, mlaze ubavu. Mkono wa chini unyooke mbele, mkono wa juu uwe chini ya shavu, goti la juu likunjwe liguse chini asirudi chali, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo ili mdomo uelekee chini, chochote kitakachotoka kitoke nje. Mfunike. Mtu mmoja akae naye, mtu mwenye akili zake, asimwache hata kwenda chooni. Usimmwagie maji, usimtembeze, usimlazimishe kunywa kitu. Koroma nzito ya mlevi aliyezima sio usingizi mtamu, ni njia ya hewa inaziba. Na pombe ya mwisho aliyokunywa bado iko tumboni inaendelea kuingia kwenye damu akiwa amelala, ndio maana anaweza kuwa vibaya zaidi baada ya saa moja kuliko ulivyomuacha.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Dawa: ukiwa kwenye Flagyl usinywe, na usubiri siku kadhaa baada ya kumaliza, ukiwa kwenye dawa za kifua kikuu ini lako linabeba mzigo tayari, usiliongezee, panadol nyingi pamoja na pombe nyingi ni hatari kwa ini. Wa ARV, nisikilizeni, msiache kumeza dawa eti kwa vile mmekunywa, kosa linalowaua watu ni lile la kuruka dozi. Mama mjamzito, hata ile bia nyeusi wanayosema inaongeza damu haiongezi, damu inaongezwa na dodo (mchicha), maini, maharage na vidonge vya madini ya chuma tunavyowapa kliniki, na mtoto tumboni anakunywa kila unachokunywa wewe na ini lake halijakomaa. Watoto wadogo msiwape mrija wawaonje mkacheka, sukari yao inashuka vibaya. Na wanawake kwa jumla, mwili wetu una maji kidogo kuliko wa mwanaume, bia mbili zako sio bia mbili zake, usifuatane naye.

Alafu kuna wale ambao nikiongea kuhesabu wanaona aibu sababu hesabu yao imeshapotea. Unaamka asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kidogo ndio itulie, funguo haziingii. Kwako wewe ushauri wangu ni tofauti kabisa, na ni muhimu: usiache ghafla peke yako nyumbani. Najua pasta atakuombea na utaapa mbele ya kanisa, na moyo wako utakuwa wa kweli, lakini mwili uliozoea pombe kila siku miaka mingi ukikatwa ghafla unaweza kushika degedege, na siku ya pili au ya tatu mtu anaanza kuona vitu, wadudu ukutani, watu wanaomwita, jasho, presha juu. Familia inasema ni mayembe, mapepo ya uchawi, inampeleka kwa mganga, anafia njiani. Sio mayembe. Ni ugonjwa una dawa, tunampa dawa ya kutuliza kwa siku kadhaa tukipunguza, na vitamini B1 ya sindano, na wengi wanapita salama. Anzia kwenye kituo cha afya, hospitali kubwa kama ya Mbale ina watu wa afya ya akili, na Butabika kule Kampala kuna wodi ya watu wa pombe na madawa. Kwenda Butabika sio kuwa kichaa. Pasta, nakuomba, muombee na umsindikize mpaka hospitali, fanya vyote viwili.

Kulikuwa na maswali. Dreva mmoja wa lori aliuliza, Sista mimi nakaa hapa mpakani siku tatu nangoja, sina la kufanya, nikinywa siku mbili nikalala ya tatu, niko sawa? Nikamjibu hesabu ni ile ile, chukua gramu ulizokunywa, gawanya kwa saba ili uwe upande wa usalama, hayo ni masaa, na uanze kuhesabu kutoka pale ulipoanza kunywa. Alinyamaza akawa anahesabu kwa vidole, alafu akasema basi leo hii siwezi kuondoka. Nikamwambia asante kwa kusema kweli, mpigie simu bosi wako. Dada mmoja wa baa akauliza afanye nini na mteja anayelazimisha. Nilimwambia kwa kweli kazi yake ni ngumu, lakini amletee maji na chakula bila kuulizwa, glasi ijae polepole, na ufunguo wa pikipiki aukamate mapema wakati mteja bado ni rafiki, sababu baadaye atakuwa adui.

Na sasa lile jambo nililosema nitawaomba wale wasiokunywa. Stegi hii ina pikipiki nyingi. Tarehe 24, 25 na 31 nataka kuwe na watu ambao hawagusi pombe kuanzia asubuhi mpaka asubuhi, wanabeba wenzao na wateja wa baa kurudi nyumbani, na nauli yao mwenyekiti amekubali itoke kwenye kile chama chenu cha akiba kama mlevi hana kitu. Vijana wa msikitini watatu wameshanong'onezana na sheikh, nimewaona. Mwenyekiti, nipe hicho kitabu cha zamu na kalamu. Tarehe 24 usiku, nani hanywi? Taja jina lako na namba ya simu, sema kwa sauti, wamama wa malwa na dada wa baa nao waandike.